Sifa za Chuo na Mwenye Jina

Siku ya fainali, chumbani kwangu Chemchem, Tabora mjini, tulikuwepo watu hawa: bibi yangu, aliyekuja na treni kutoka Goweko akiwa na kifurushi cha michembe mapajani, mdogo wangu wa mwisho, wa kike, aliyekuwa bado na pengo la meno ya mbele, jirani yangu fundi cherehani, ambaye ndiye alikuwa mwenye nyumba, kijana mmoja wa Nzega tuliyezoea kumwita Mwenye Jina, na mimi. Mdogo wangu wa kiume hakuwepo. Yeye alikuwa uwanjani, na ni kwa sababu yake sisi wengine tulijifungia ndani mchana kweupe, mji mzima ukiwa umehamia kwenye mpira.

Mambo haya yamenirudia kwa sababu ya ubishi. Karibu na mahali ninapokaangia mihogo pana kijiwe cha kahawa. Juzi juzi lilipita gari la matangazo, likiwaalika watu kwenye bonanza la Chuo. "Njooni mwone Chuo kilichotikisa magharibi nzima!" Gari lilipokata kona, wanywa kahawa wakagawanyika.

"Haijapata kutokea timu kama ile," alisema mmoja. "Pasi zao ulikuwa ukitazama unadhani mtu anasuka mkeka."

"Mkeka gani? Sifa tu zile. Walikuwa na yule mmoja, mtoto wa Nzega. Mtoe yule, wanabaki maseremala na waashi."

"Wewe uliwaona wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya goli, nimeshika wavu."

"Muongo! Uwanja ule lini ulikuwa na wavu?"

Wakacheka wote. Kisha mmoja akanigeukia. "Dada, wewe wa hapa hapa siku nyingi. Hebu tuamulie. Chuo kilistahili zile sifa au tulidanganywa?"

Niligeuza mihogo yangu, nikamwambia, "Mie nilikuwa jikoni, kaka. Mpira niliusikia tu." Wakacheka tena, wakarudi kwenye ubishi wao. Sikuwa nimesema uongo. Sikuwahi kukiona Chuo kikicheza Tabora hata mara moja. Lakini wewe ukae hapa nikusimulie, kwa sababu hatujuani kwa ubaya, na kwa sababu nimechoka kuwasikia wakimtaja mtoto wa Nzega.

Tulizaliwa Goweko. Baba na mama walitangulia wakafuatana, na nikatoka shule darasa la sita, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa na tumbaku haisubiri mtu. Kama hujawahi kuishi na tumbaku, nikwambie tu kwamba inakuingia mwilini. Majani mabichi yanaacha gundi nyeusi viganjani, huitoi kwa sabuni, unaisugua kwa mchanga. Jioni watoto wote tulikuwa tunakaa mbele ya bani, yaani ile nyumba ya kukaushia, tunafunga majani kwenye vijiti, na moshi wa kuni za miyombo unatupitia kichwani. Bibi alikuwa akitupikia ugali na uyoga wa porini masika, na kiangazi michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani, ukivichemsha na karanga za kutwanga hutaki mboga nyingine. Nakumbuka ladha yake. Nakumbuka pia kwamba kwa muda mrefu baada ya mama kuondoka nilikuwa nikila bila kuisikia. Sikuwa nalia. Nilikuwa naamka, nachota maji, nafunga majani, nalala. Bibi alikuwa akinitazama na kusema kwa Kinyamwezi chake kwamba huyu mtoto amekuwa kama mtungi, ukigonga unasikia sauti ya ndani tu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa tofauti. Yeye alipiga mpira. Mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za mkonge tulizopewa kufungia tumbaku, jambo lililomfanya bibi amkimbize na mwiko kila wiki. Alikuwa ameshamaliza darasa la saba. Alikuwa mwembamba, mguu wake wa kushoto umepinda kidogo kuelekea ndani, na mpira ulikuwa unakaa pale kwenye upinde kama umewekewa nyumba.

Chuo kilikuja Goweko kwa mechi ya kirafiki. Kilikuwa chuo cha ufundi cha mjini, kinafundisha useremala, uashi na umeme, lakini ukimwuliza mtu wa Nzega au wa Urambo, angekwambia ni chuo cha mpira. Tulikuwa tunakisikia kama watu wanavyosikia habari za Makka. Waliposhuka kwenye treni na jezi zao za kijani, kijiji kiliacha tumbaku kwenye vijiti. Walitembea kwa mstari kutoka stesheni, wakiimba wimbo ambao wazee walisema ni wa wapagazi wa zamani, waliopita njia ile ile na mizigo ya watu kwenda pwani. Nilisimama na beseni langu la karanga. Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kuwaona wakicheza. Na kweli walijua. Mpira ulikuwa unatoka mguu huu kwenda ule, hauendi juu, haupotei. Walitufunga. Lakini mdogo wangu aliwapita wote kama mtu anayepita kwenye mahindi, na akafunga goli la pekee la Goweko.

Mwalimu wao wa michezo alikuja nyumbani jioni ile ile. Alivua kofia, akasalimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kudai goli lako?"

"Hapana bibi. Nimekuja kumwomba huyu kijana. Ana mguu."

"Miguu anayo miwili," alisema bibi, "na kichwa pia anacho. Miguu mtaichezea. Kichwa mtakifanyia nini?"

Mwalimu akacheka, akaona hatucheki. Ndipo akasema lile neno lililotuondoa Goweko. Alisema Chuo kinaanza masomo Januari, na kwamba kijana akicheza msimu ule mpaka kombe, atapewa nafasi katika darasa la umeme, bila ada. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Tangu alipoona taa za stesheni akiwa mtoto alikuwa akisema atakuwa fundi umeme, na sisi tulikuwa hatumjibu, kwa sababu ni sawa na mtu kusema atakuwa mvua.

"Haendi peke yake," nikasema. Nilikuwa sijaulizwa. Bibi akaniangalia, kisha akamwambia Mwalimu, "Umesikia. Huyo ndiye baba yake."

Basi tukahamia Chemchem, mimi na wadogo zangu wawili, kwenye chumba kimoja cha nyumba yenye ua. Mama mwenye nyumba, huyo jirani yangu, alikuwa mzawa wa mjini, wa wale ambao babu zao walikuja na misafara wakaona maji ni matamu wakakaa. Cherehani yake ilikuwa barazani, inalia kutwa. Alikuwa akitutania tangu siku ya kwanza. "Karibuni Wanyamwezi wangu. Mizigo mmeweka wapi?" Mimi nilikuwa nakaanga karanga na maandazi, nauza nje ya uwanja mdogo wa pale karibu. Asubuhi adhana, kisha filimbi ya treni, kisha cherehani. Nikisikia cherehani mahali hadi leo, mikono yangu inatafuta unga.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakulisema Goweko. Mashindano yale yalikuwa ya wanafunzi tu, na mdogo wangu hangekuwa mwanafunzi mpaka Januari. Watu wa mpira wanajua mchezaji wa namna hiyo anaitwaje. Anaitwa mamluki. Anavaa jezi, anavaa na jina la mwanafunzi wa kweli, anacheza kwa jina hilo. Na yule mwanafunzi wa kweli lazima apotee machoni pa watu kila siku ya mechi, maana mtu mmoja hawezi kuwa uwanjani akifunga magoli na huku yupo dukani ananunua dawa ya meno.

Mwalimu aliona mahali pazuri pa kumficha ni chumbani kwangu.

Ndivyo alivyokuja Mwenye Jina. Alikuwa wa darasa la umeme, mrefu, wa taratibu, na mpira alikuwa haujui hata kidogo. Siku ya kwanza alibisha hodi, akaingia na daftari kwapani, akakaa kwenye kona ya mkeka kama mgonjwa anayesubiri zamu.

"Dada, nimeambiwa nicheze mpira hapa," akasema.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Ee Mola! Babu zao hawa walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, sasa huyu wa kwao anabeba jina la mtu uwanjani. Na mwenye jina anamenya karanga!"

Maana alimenya. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Kila siku ya mechi alikuwa akimenya karanga zangu, na huku akimfundisha mdogo wangu wa kike kusoma kwenye magazeti ya kufungia bidhaa. Mimi pia nilikuwa nasikiliza, mgongo nimewapa. Tulikuwa tunasikia kipaza sauti cha uwanjani, na mtangazaji alipolitaja jina lake kwa kelele, yeye alikuwa akiinua kichwa.

"Nimefanya nini tena?" aliuliza.

"Umefunga," jirani alimwambia. "Kwa kichwa."

"Basi leo kitaniuma."

Kwa hiyo unapowasikia wakisema Chuo kilikuwa na mtoto wa Nzega asiye na mfano, mimi nilimfahamu. Alikuwa akinywa chai yake bila sukari kwa kuwa alijua ya kwangu haitoshi.

Chuo kikafika fainali. Na fainali ikawa na vijana wa Nzega.

Mwalimu alikuja asubuhi, jasho linamtoka kabla ya jua. Malori mawili yalikuwa yameingia kutoka Nzega, yamejaa watu na ngoma, na miongoni mwao walikuwemo wa ukoo wa Mwenye Jina, waliokuja kumwona mtoto wao anayesifiwa. Alitwambia tufunge mlango, mtu asichungulie hata dirishani. Uwanjani mdogo wangu angecheza amefungwa bandeji kichwani mpaka kwenye nyusi, kama aliyeumia. Alipomaliza kusema nilimwuliza swali moja tu.

"Na Januari?"

"Tukichukua kombe, dada, hakuna wa kukataa."

Ndivyo tulivyojifungia. Bibi alikuwa amefika na treni ya alfajiri. Alimsalimia Mwenye Jina kwa "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na kijana akaitikia vizuri, na tangu hapo bibi akamhesabu kuwa mjukuu. Tulikula michembe kimya kimya. Joto la Oktoba lilikuwa limekaa juu ya bati. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele, mara Nzega, mara Chuo, na kila mara bibi alikuwa akiuliza, "Sasa nafasi ya shule imefika wapi?" kana kwamba ndiyo iliyokuwa inapigwa mateke kule. Na kwa kweli ndiyo iliyokuwa inapigwa.

Goli lilipoingia, tulilijua kabla ya mtangazaji. Mji ulipumua. Kisha likatajwa jina, likarudiwa, likaimbwa na watu wote, jina la kijana aliyekuwa ameketi mbele yetu na ganda la karanga mkononi. Bibi akamshika bega. "Hongera, mjukuu wangu." Sijui kama alikuwa anatania. Kijana hakucheka. Aliangalia chini akasema, "Mama yangu anapenda sana kulisikia jina langu. Laiti angesikia."

Filimbi ya mwisho ikapigwa na Chuo kikawa bingwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Watu wa Nzega hawakukasirika. Walikuwa wamefungwa, lakini wamefungwa na mtoto wao. Wakaingia uwanjani kumtafuta wambebe. Mwalimu akamchomoa mdogo wangu kupitia nyuma ya vyoo, akamleta mbio, wakaingia chumbani kwangu wakihema.

"Vua jezi!" Mwalimu alisema. "Wewe, vaa!"

Mwenye Jina alisimama. "Mwalimu, hapana."

"Babu yako yuko pale na jogoo mkononi. Anasema haondoki Tabora bila kukuona. Unataka nimwambie nini?"

Jirani ndiye aliyemvalisha, kwa sababu alizoea kuvalisha watu. Jezi ilimfika juu ya kitovu. Bibi akachukua kata ya maji, akammwagia kichwani iwe jasho. Wakamfunga ile bandeji, na mdogo wangu akamwambia, "Chechemea mguu wa kushoto. Nimepigwa pale." Wakatoka. Sisi tukabaki na mdogo wangu, kifua wazi, miguu ina vumbi mpaka magotini, amekaa kwenye ile kona ya mkeka. Nje tulisikia ngoma na vigelegele vya Nzega vikipita barabarani, na jina likipita juu ya ngoma. Mdogo wangu wa kike akamletea maji. Alikunywa. Nikampa michembe.

Mwenye Jina alirudi jua linazama, na jogoo mwekundu kwapani.

"Wamenibeba juu juu," alisema. "Babu amelia. Amesema sasa hata akifa." Akamweka jogoo mbele ya mdogo wangu. "Huyu ni wako."

"Wamekupa wewe."

"Chukua, ndugu yangu. Mimi siwezi kumla."

Hatukumchinja. Alikaa pale uani, akawa anawika mchana kama mwehu.

Januari ikaja. Nilimvalisha mdogo wangu shati alilolishona jirani, tukaenda Chuo. Mwalimu alitukuta getini. Alikuwa hatazami mahali pamoja.

"Darasa la umeme limejaa mwaka huu," alisema. "Lakini msimu unaanza karibuni. Acheze tena, halafu mwakani..."

"Mwalimu," nikasema, "kombe mmechukua."

"Dada, nielewe. Chuo hiki kina jina. Mkuu anaogopa maneno. Darasa lile lile lina yule mwenzake. Watu wakiona mguu ule ule unakuja na jina jipya, watauliza. Hatuwezi kuharibu sifa."

"Sifa zenu zimekaa chumbani kwangu msimu mzima zinamenya karanga," nikamwambia. "Nazijua."

Alivua kofia, akaivaa tena. Nafikiri alikuwa mtu aliyeahidi kitu ambacho hakikuwa chake, na hilo si jambo geni duniani. Tulirudi nyumbani. Mdogo wangu akavua shati, akalikunja, akaniuliza kama treni ya Goweko ni kesho au keshokutwa. Nilimwambia tungoje kwanza. Sikuwa na kitu cha kungojea. Nilisema tu.

Siku chache baadaye Mwenye Jina alibisha hodi. Haikuwa siku ya mechi.

"Nafasi imepatikana," alisema. "Nimetoka kwa Mkuu. Jumatatu aanze."

Nilimwuliza imepatikanaje. Alisema amezungumza na Mkuu, na Mkuu ni mtu wa kuelewa. Mdogo wangu alimkumbatia mpaka wakaangusha ndoo. Hapo ndipo tulipomchinja jogoo. Nilimpika kwa karanga, tukala ugali pamoja, jirani pia, na Mwenye Jina alikula safari hii, akanyonya na mifupa. Nje ya mlango alikuwa ameacha sanduku lake la bati na godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Nzega. Likizo kidogo."

Jirani aliliangalia godoro. "Likizo gani mtu anabeba godoro?"

"Kunguni, mama. Naenda kulianika."

Tukacheka. Alibeba godoro lake kichwani, akapita katikati ya ua, akampungia mkono mdogo wangu wa kike, akaenda kituo cha mabasi.

Jumatatu mdogo wangu alirudi kutoka darasani mapema, akakaa bila kuvua viatu. Alisema wamempa boksi la vifaa, koleo na bisibisi ndani, na kwenye mfuniko limeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Jina lile lile. Alisema wenzake wamemwambia kwamba mwenye boksi amekwenda kwa Mkuu akasema, ama aliyefunga magoli apewe alichoahidiwa, ama yeye aende mbele ya waandaaji wa mashindano aseme ukweli wote. Mkuu akamjibu kwamba kijana atapewa, lakini wawili hao hawawezi kuonekana katika darasa moja. Mmoja aingie, mmoja atoke. Naye akaenda kuviringisha godoro.

"Nilizoea kulivaa jina lake, dada," mdogo wangu alisema. "Lakini ilikuwa uwanjani. Sirudi pale."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua. Niliwaza habari ya mtoto wa mtu mwingine, aliyekuwa na mama anayependa kusikia jina lake, na babu aliyelia. Nikawaza habari ya mama yetu. Sikusikia kitu kifuani, si huku wala huku, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Utarudi," nikamwambia. "Ukiacha wewe, nafasi hairudi kwake. Inakwenda kwa mtoto wa mtu tusiyemjua. Kesho utakwenda, na utasoma kama watu wawili."

Akasoma. Hakugusa mpira tena, hata walipomletea Mwalimu mpya na maneno mapya. Leo ni fundi umeme, na nyumba nyingi za Chemchem usiku zinawaka kwa mkono wake. Uwanjani kwao haendi. Mdogo wetu wa kike ni muuguzi, na alijua kusoma kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Kwa hiyo nikimjibu yule mnywa kahawa, ningesema nini? Chuo kilicheza. Niliwaona Goweko kwa macho yangu, na wale wengine kumi walikuwa wanafunzi wa kweli, na pasi zile zilikuwa za kweli. Magoli yalikuwa ya kweli, yalifungwa kwa mguu wa kweli. Sifa zilistahili. Ila zilikwenda kukaa kwa Chuo, na Chuo hakikufanya lolote isipokuwa kuzipokea. Aliyefunga magoli hazitaki, na aliyeitwa kwazo alifukuzwa nazo. Kijiweni neno hilo ni refu mno, mihogo ingeungua.

Mengi yamekwisha. Uwanja ule mdogo umegeuzwa maegesho ya malori. Jirani alifariki, wanawe wakauza nyumba, na mahali palipokuwa na baraza na cherehani pana duka la simu. Bibi amelala Goweko, na mabani mengi ya kule yamebomoka, watu wamehamia alizeti. Michembe siku hizi inauzwa imefungwa kwenye nailoni, safi, haina moshi. Nainunua. Nikiila naisikia kidogo.

Mwaka huu baada ya Pasaka nilikwenda Nzega. Nilikuwa nimeshajua aliko, mji si mkubwa. Anauza vipuri vya baiskeli karibu na njia panda. Kichwa kimeingia mvi, lakini ukaaji wake ni ule ule wa pembeni. Alinitambua kabla sijasema.

"Dada! Karanga zipo?"

"Zipo."

Alinitafutia kigoda, akaagiza chai, yake bila sukari. Nilimwambia mdogo wangu yuko tayari kumfungulia duka la umeme, wawe pamoja. Alitikisa kichwa. Alisema amezoea baiskeli. Nilimwambia basi tuje tumwekee umeme nyumbani. Akasema upo. Kila nililolitoa kwenye mfuko alilirudisha kwa upole, na hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililonichosha.

Kisha akapita binti yake, na sare ya shule, akasema "Shikamoo mama," akaenda. Anafaulu vizuri, babake aliniambia. Anataka kuendelea Tabora mjini, lakini hakuna ndugu wa kukaa naye.

"Mimi nipo," nikasema.

Alizungusha pedali mkononi.

"Nitazungumza na mama yake," akasema.

Nimepaka chokaa chumba cha nyuma. Nimenunua kitanda na godoro jipya, meza ndogo, na mdogo wangu ameweka taa mbili pale ambapo moja ingetosha. Anauliza kila jioni akitoka kazini. Simu kutoka Nzega bado haijapigwa.